Ukisikia Ndege Wameingia

Mwanangu Zaituni,

Assalaam alaikum. Nakuandikia nikiwa kibarazani, daftari nimelipakata juu ya ungo, maana meza umeijaza mizigo yako na sitaki kuigusa nikaja kuambiwa nimevuruga. Wewe umekwenda kumuaga shangazi yako ng'ambo ya kijito, na ninavyomjua shangazi yako, hatakuachia mpaka ule mara mbili na ulie mara moja. Kwa hiyo nafasi ninayo. Jua bado liko juu, mchele nimeshauchagua, bibi yako amelala. Baba yako hayupo nyumbani, na alipo nitakwambia mbele.

Shuleni tulifundishwa kwamba ukimaliza salamu unaandika madhumuni ya barua. Yangu ni mafupi: nataka kurudisha neno langu. Siku ile tulipokuwa tunakula, ukatuambia kiwanda cha barafu cha Kibiti kimekuita ukaanze kazi ya ufundi wa majokofu, mimi nilisema nini? Nilisema, "Alhamdulillahi, mwanangu. Lakini ngoja kwanza tuvune." Bibi yako akadakia, "Ndiyo maneno hayo." Ulinawa, ukakusanya sahani, ukaenda kuziosha kule nyuma, na uliziosha muda mrefu kuliko sahani nne zinavyohitaji. Kesho yake ukaanza kufunga mizigo bila kuniuliza tena, nami nikanyamaza, na tangu hapo tunapishana mlangoni kwa adabu, kila mmoja anamwachia mwenzake njia.

Neno lile nalirudisha. Usingoje mavuno. Nenda.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango wala za kula vya barabarani. Hayo ulijifunza ulipokuwa chuoni, na uliyoyasahau tumbo litakukumbusha. Nataka nikueleze kwa nini nilisema ngoja, na kwa nini leo nasema nenda. Ukiondoka na hili la pili bila kujua lile la kwanza lilitoka wapi, iko siku lile la kwanza litakufuata hukohuko na kukurudisha.

Umekulia dunguni, lakini nitakueleza kama mgeni, maana vitu tulivyozaliwa navyo ndivyo tusivyovitazama. Sisi watu wa mpunga, tukishapanda, tunahamia shambani. Tunajenga dungu, kibanda juu ya miti mirefu, na ngazi ya kupandia, na humo tunakaa mpaka tuvune. Tunakaa kwa sababu shamba lina wageni wawili wasioalikwa. Usiku wanakuja nguruwe. Mchana wanakuja ndege, hawa kweleakwelea, kamwili kenyewe hakajai kiganja, lakini likishuka kundi, jaruba zima linabaki makapi kabla maji ya chai hayajachemka. Na tangu nipate akili nimekuta yamegawanywa hivi: nguruwe ni wa mwanamume, ndege ni wa mwanamke. Mwanamume anakesha na moto na madebe yake. Alfajiri anashuka kulala, mwanamke anapanda na kombeo lake na watoto wake kuamia ndege, yaani kuwafukuza, mpaka jua linazama. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Imekaa tu, kama ile ngazi, kila mtu anaikuta pale.

Na mpunga ukianza kutia maziwa, kama sasa, linapita neno moja katika vijiji vyote vya huku: ndege wameingia. Mwanamke akiambiwa hivyo anaacha alichoshika. Anaacha mkeka haujafika nusu, anaacha biashara ya vitumbua, anaacha mgonjwa wa jirani. Nilipokuwa mwali, somo yangu alinifunda mengi, mengine nilikufundisha na mengine niliyaacha yafe na yeye, Mungu amrehemu. Lakini moja liliniingia mpaka kwenye mifupa. Alisema mwanamke hamwambii mumewe kazi ya kufanya. Akiona haja iko, anaifanya mwenyewe. Niliona ni neno zuri. Lilinifanya nijione hodari, na kwa kweli nilikuwa hodari.

Sasa nakuja kwenye habari ambayo hujawahi kuisikia yote.

Ulikuwa mdogo, umri wa kupiga kopo dunguni na kuanguka usingizini ukiwa umelishika, kilipofunguliwa kituo cha kununua kamba wa baharini katika kijiji cha jirani. Barafu ilikuwa inaletwa kwa boti, wavuvi wanaleta kamba, na wanawake tukaajiriwa vibarua kukata vichwa na kuchambua, wakubwa huku, wadogo huku. Mimi nikaenda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulipwa kwa kazi ya mikono yangu. Mpunga nilikuwa nimeulima miaka yote, lakini mpunga haukulipi, unakulisha, na anayeuuza ni mwingine.

Kufika ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza. Lazima uvuke kijito, na wanawake wa kwetu hatukuwa tunashika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Tunakaa katikati ya mtumbwi na kanga zetu tukisubiri mwanamume wa kutuvusha. Tena kazi ya kamba haifuati saa, inafuata maji. Maji yakijaa alfajiri, kamba wanafika alfajiri. Maneno yakaanza. Bibi yako hakunikataza, hapana, yeye hakatazi mtu. Alikuwa anauliza tu, akiuelekea ukuta: "Mke wa mtu anavushwa gizani na nani?"

Aliyeniokoa ni Hadija. Unamjua, yule shoga yangu anayesuka mikeka sasa kule Ruaruke. Hadija alisema, "Kama tabu ni mvushaji, basi miye nitakuwa mvushaji." Akachukua pondo la kaka yake akaanza kujifunza, wanaume wamesimama ukingoni wanatazama bure. Siku ya kwanza mtumbwi ulizunguka palepale. Siku ya pili pondo lilinasa kwenye tope, mtumbwi ukaenda, Hadija akabaki ananing'inia juu ya pondo kama nguo iliyoanikwa, halafu akazama na kanga zake. Alitoka anacheka. Baada ya hapo tukawa tunavuka wenyewe, mimi na yeye na wengine wawili, na bibi yako hakuwa tena na la kuuuliza ukuta wake.

Kwa malipo yangu ya mwanzo nilinunua mabuti ya mpira, maana sakafu ya kituo ilikuwa maji matupu. Ndiyo yale yaliyo nyuma ya jiko, moja limepasuka na jingine kuku ametagia. Ulikuwa unaniuliza kwa nini siyatupi. Nilikuwa nakujibu kwamba kuku ameshapazoea.

Msimamizi wa kituo aliitwa Bwana Kassimu, mtu mpole, mpenda chai ya tangawizi. Siku moja akaniita pembeni. "Mama Zaituni," akasema, "nataka mtu wa kudumu kwenye mizani. Wa mwezi kwa mwezi, si kibarua. Unasoma, unaandika, na hugombani na wavuvi. Nimekufikiria wewe. Kesho wanakuja wakubwa, nataka niwape jina."

Zaituni, nilivuka kijito siku ile sijui kama nimekaa au nimesimama. Hadija alikuwa anasukuma pondo na kuniimbia wimbo wa harusi. Nilipanga njia nzima jinsi nitakavyomwambia baba yako. Nilitaka nimwambie wakati anakula, akiwa ameshashiba kidogo lakini hajashiba kabisa, maana hapo ndipo husikia vizuri.

Tulipofika upande wetu, jirani alikuwa ananisubiri. "Bibi yake Zaituni amesema uwahi dunguni. Ndege wameingia."

Basi. Nilipanda dungu hata kanga ya kazini sijabadili, ikinuka kamba. Wewe ulikuwa umeshapanda, unapiga kopo huku unalia kwa njaa. Nilirusha kombeo mpaka jua likazama. Baba yako alipoamka kwenda kuwasha moto wa nguruwe, tukapishana kwenye ngazi kama kawaida, yeye anapanda, mimi nashuka. Nilifungua mdomo. Nikakumbuka alivyokesha jana yake, nikakumbuka somo yangu, nikaufunga. Nikamwambia, "Upande wa kusini wamekula kidogo." Akasema, "Haya."

Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Kassimu. Nikamwambia ndege wameingia, nitarudi baada ya kuvuna.

Akakoroga chai yake. "Baada ya kuvuna ni lini?"

"Mwezi hivi na zaidi kidogo, Mungu akipenda."

"Na kwenu hakuna mtu mwingine wa kulinda?"

"Hakuna," nikasema.

Hakuna! Na baba yako alikuwa kwenye kivuli cha dungu, mzima wa afya, anakoroma. Shemeji zangu wawili walikuwa barazani wanacheza bao. Sikusema uongo, mwanangu, hilo ndilo linalonishangaza hadi leo. Nilikuwa naamini kabisa kwamba hakuna. Wanaume walikuwepo, lakini kwa habari ya ndege macho yangu yalikuwa hayawaoni, na wao wenyewe walikuwa hawajioni.

Tukavuna. Nilirudi kituoni na mabuti yangu mkononi nikamkuta kijana wa kutoka Mtunda amekaa kwenye mizani. Hata hilo ningelimeza, kazi haikungojei. Kilichonikwama kooni ni cha Hadija. Mwaka ule maji ya chumvi yalikuwa yameingia kwenye majaruba yao, shamba lote limekufa, Hadija hakuwa na mpunga wala ndege. Ikatokea nafasi nyingine ya kudumu, ya kutunza barafu, naye akaiomba. Bwana Kassimu akamwambia, kwa upole wake uleule, "Mama, ninyi mpunga ukichanua mnaondoka. Wakubwa wameshasema kazi za kudumu tuchukue wanaume."

"Bwana, miye sina hata punje shambani!"

"Ndivyo mnavyosema wote," akamjibu.

Mwanamke aliyejifunza pondo mbele ya kijiji kizima, akazama na kanga zake, alikosa kazi kwa sababu yangu mimi. Alikuja kunieleza mwenyewe, akakaa hapahapa kibarazani. Hakunitukana. Alisema tu, "Shoga, ulipotoka ungetuachia mlango wazi." Kituo chenyewe kilifungwa baadaye, kamba walipopungua, lakini mpaka kinafungwa hakuna mwanamke aliyepata kazi ya mwezi pale. Na mpaka leo nikikutana na Hadija sokoni, akishanikumbatia na kuulizia watoto, lazima aniulize, "Na ndege wako hawajambo?" Anacheka, nami nacheka. Kila mara inaniuma vilevile.

Usidhani nilijilaumu. Nilimlaumu baba yako. Unaukumbuka ule ukali wangu ulioukulia, ule wa kumwekea chakula bila neno, wa kumjibu "sijui" kila akiuliza kitu? Ulikuwa unadhani ndivyo nilivyo. Haukuwa umbile langu. Nilikuwa mwanamke aliyepokonywa kitu, na niliyemhesabu mwizi nalala naye kitanda kimoja, wala hana habari kama ameiba.

Baada ya siku ile ya sahani, asubuhi yake baba yako alirudi kutoka kwenye nguruwe, akawa anakunywa uji. Mimi sikulala vizuri, nilikuwa na hasira nisiyoijua ya nani. Nikamwambia, "Mtoto anataka kuondoka, na mimi ndiye mbaya niliyemwambia angoje. Lakini mimi mwenyewe niliacha kazi ya kudumu kwa ajili ya mpunga wako, na hakuna aliyenililia."

Akashusha bakuli. "Kazi ya kudumu ipi?"

"Ya mizani. Kituoni."

"Si walikuwa wamewapunguza vibarua?"

"Nani alikwambia wametupunguza?"

"Hakuna aliyeniambia. Uliacha kwenda, nikadhani wamewapunguza."

Mwanangu, nilikaa chini. Miaka yote hiyo mtu huyu nimemhukumu kwa kesi ambayo hakuwahi kuisikia. Nikamuuliza, "Ningekwambia, ungefanya nini?"

Nilitaka aseme angepanda dungu. Hata kwa uongo, ningemshukuru. Baba yako hajui kusema uongo, ndiyo tabu yake. Alifikiri mpaka uji ukapoa. "Sijui, Mama Zaituni. Pengine ningekataa. Wakati ule nilikuwa naogopa kuchekwa. Lakini ningekataa, ungekuwa na wa kumlaumu kwa haki. Sasa umenilaumu bila kuniuliza."

"Na wewe hukuniona nikilia siku zile?"

"Nilikuona. Nilidhani mama kakusema."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza," akasema. "Nilikuwa na usingizi."

Hapo nilicheka, Zaituni, nikacheka na machozi yakanitoka, na yeye ananitazama hajui lipi ni lipi. Wazee husema kuuliza si ujinga. Wangetuambia pia kwamba kunyamaza si uhodari, ingetusaidia zaidi watu wa nyumba hii.

Ninachokuachia basi ni hiki, na ukikiona kidogo, jua nimekinunua ghali. Usimjibie mtu ambaye hujamuuliza. Utakapokuwa huko, haja za huku zitakufuata, na haja nyingi zitakuja zimeshaandikwa jina lako kabla hujazaliwa. Uliza nani mwingine yupo. Uliza kwa sauti, mpaka mtu mwenye jina aseme "mimi sitaki" kwa mdomo wake. Pengine utakataliwa. Kukataliwa kunauma siku chache. Kujikatalia mwenyewe kwa niaba ya wenzako kunauma hivi unavyoniona.

Umesema wewe ndiye mwanamke wa kwanza kwenye mitambo ile, na kwamba miezi mitatu ya mwanzo ni ya majaribio, ukiikatiza hakuna kurudi. Nami najua, na wewe unajua, kwamba ndege wameshaanza kuingia, na watajaa ndani ya miezi hiyo mitatu. Ukiondoka hawatasema Zaituni ameondoka. Watasema wanawake wa huku Delta huondoka, na binti wa Hadija, anayesoma ufundi huohuo, atakuta jibu lake limeshatolewa. Si haki ubebe mzigo wa watu usiowajua. Mimi pia haikuwa haki, lakini niliubeba bila kujua na nikauangusha. Afadhali wewe uujue uko mabegani.

Tena usije ukalidharau dungu. Mpunga ule ndio uliokulipia chuo. Wanawake wanaorusha kombeo kutwa juani nao ni wafanyakazi, ila hakuna anayewaandika popote. Utakapokaa na wenzako wa mjini wakacheka watu wa shamba, wewe nyamaza tu, au bora usinyamaze. Sisemi uikimbie kazi ile kwa kuwa ni mbaya. Nasema isiwe yako peke yako kwa kuwa umezaliwa hivi ulivyo.

Sasa nikwambie ninachokiogopa kweli. Siwaogopi watu wa mjini wala hao mafundi utakaofanya nao kazi. Najiogopa mimi. Leo kalamu iko mkononi, akili imetulia, nasema nenda. Lakini najijua. Kundi likishuka, nikaona kazi ya msimu mzima inaliwa mbele ya macho yangu, bega hili linauma, bibi yako ananiuliza kupitia ukutani mtoto wa kike ana faida gani, nitaichukua simu. Nitakupigia. Nitalia, na kilio changu kitakuwa cha kweli. Nitasema njoo siku mbili tu.

Siku hiyo, mwanangu, usisikilize kilio. Niulize swali moja: "Mama, ni ndege?" Nikisema ni msiba, njoo. Nikisema baba yako mgonjwa, panda gari la kwanza, na hao wakubwa uwaeleze baadaye. Lakini kama ni ndege, usije. Niambie kwa adabu zako zote, uniamkie mara mbili ukipenda, halafu ukate simu urudi kazini. Nitakasirika. Nitakwambia maneno. Usiyabebe. Aliyekuandikia barua hii ndiye mama yako. Yule wa kwenye simu atakuwa ameshikwa na woga tu.

Huenda mwaka huu tukavuna kidogo. Nimeshalikubali, na baba yako amelikubali. Bibi yako hajalikubali, lakini atakula hichohicho.

Nilikuahidi nitakwambia baba yako alipo. Juzi, baada ya ule uji, alikwenda kulala kama kawaida yake. Jioni akaniuliza, kama anayeulizia kiberiti, "Kombeo lako umelitundika wapi?" Jana akaenda kuongea na shemeji zangu wale wa bao, sasa wana mvi, wagawane nao zamu za nguruwe ili yeye alale usiku. Walicheka sana, halafu mmoja akakubali. Na leo tangu alfajiri yuko juu ya dungu, anaamia ndege. Kwa mara ya kwanza maishani mwake! Nimempelekea chai. Jiwe la kwanza alilorusha lilirudi nyuma likavunja mtungi wetu wa maji, la pili sijui lilikwenda wapi na wala yeye hajui. Wanawake wa madungu ya jirani walikuwa wameacha ndege wao wanamtazama yeye. Mmoja akapaza sauti, "Shemeji, kanga tukuletee?" Akajibu, "Nileteeni na ya kichwani, jua kali!" Bibi yako amejifunika shuka tangu asubuhi, anasema mwanawe ameamia ndege yeye angali hai.

Nikinyamaza kuandika namsikia kutoka hapa. Ile sauti ya kufukuzia, ile ndefu tunayoitoa sisi wanawake, haijui. Anaita kama anayeita mtumbwi uliopita. Ameshaanza kupwelewa na sauti. Nimekaa hapa nalia, Zaituni, na sijui kama ni kwa furaha au ni kwa ile mizani.

Nitaikunja barua hii niitie ndani ya begi lako la vifaa, chini ya koleo na bisibisi, uikute ukishafika. Hapana. Nimebadili. Nitakupa mkononi usiku huu uisome kabla ya kulala, maana tumeshapishana mlangoni vya kutosha, na kuna jambo unapaswa kulijua kabla hujaondoka.

Kesho boti ya Nyamisati itapita ukingoni mwa shamba letu maji yakijaa. Umezoea kunitafuta mimi pale juu. Kesho usinitafute, nitakuwa gatini nimekusindikiza, nitasimama pale mpaka boti iishe machoni. Atakayekuwa dunguni ni baba yako. Mpungie mkono, mwite kwa nguvu, maana masikio yake unayajua. Naye akikupungia, basi ni heri.

Asipokupungia, usihuzunike wala usimwambie nahodha asimame. Ujue mikono yake imeshika kombeo. Ndege wameingia, na wewe endelea na safari.

Mama yako